Hifadhidata ya ufadhili wa utafiti kwa wahadhiri: tulipie ipi, na tuipime vipi?

Mkutubi_Kizingo
Waungwana, salaam. Maktaba imeombwa ipendekeze hifadhidata moja ya ufadhili wa utafiti kwa wahadhiri wote: bahari, uhandisi, afya, biashara, elimu. Wahadhiri ni kama 200, na wanaoandika maombi ya ruzuku kwa mwaka hawafiki 40. Mezani kuna Pivot-RP, SPIN na GrantForward, na yuko mwanakamati anashikilia tuchukue Foundation Directory ya Candid. Kila muuzaji anakuja na hesabu ya maelfu ya wafadhili. Kwa mtu aliye Mombasa, kipi cha kutazamwa kwanza? Mpango wa ununuzi wa mwaka unafungwa baada ya wiki sita hivi.

Maalim_Nyali
Mkutubi, hizo nne si ndugu wa tumbo moja, na hapo ndipo kamati nyingi hupotea.

Tatu za kwanza hukusanya matangazo ya ruzuku yaliyo wazi: nani anatoa, kwa nani, mwisho lini. Pivot-RP iko chini ya Clarivate na ni muungano wa Pivot ya Marekani na Research Professional ya Uingereza, kwa hiyo Ulaya na nchi za Jumuiya ya Madola zimo kwa wingi kidogo. SPIN ni ya InfoEd, kampuni ya Marekani. GrantForward ilizaliwa Chuo Kikuu cha Illinois, na nguvu yake ni wafadhili wa Marekani.

Candid ni mnyama mwingine. Iliundwa 2019 Foundation Center na GuideStar zilipoungana. Inakuonyesha wakfu za Marekani zilimpa nani pesa, na kiasi gani, kutokana na fomu 990-PF ambazo wakfu hizo huwasilisha kwa mamlaka ya kodi ya kwao. Fomu hujazwa baada ya mwaka wa fedha kwisha, tena wanaruhusiwa kuongezewa muda, hivyo unachokiona leo ni sadaka ya mwaka juzi au jana. Juu ya hayo, wakfu wa Marekani ukitaka kukupa wewe wa nje lazima kwanza uthibitishe kwamba taasisi yako inalingana na shirika la hisani la kwao, la sivyo uchukue jukumu la kufuatilia kila senti. Wengine wanaona kazi, wanampa mwenye tawi Marekani. Chombo hicho kinamfaa afisa wa kutafutia chuo fedha, anayejenga uhusiano wa miaka. Mhadhiri anayetaka tangazo la mwezi ujao hatakiona cha maana.

Na kuna aina ya tatu ambayo hamkuitaja: orodha za miradi iliyokwisha kupewa fedha. NIH RePORTER ya NIH, yaani taasisi za taifa za utafiti wa afya za Marekani, CORDIS kwa miradi ya Umoja wa Ulaya, Gateway to Research kwa Uingereza. Zote bure. Tangazo hazikupi. Zinakupa jina la profesa anayeongoza mradi unaofanana na wako, na huyo ndiye atakayekuingiza kwenye muungano wake mara ijayo. Andika "Kenya" na mada yako kwenye CORDIS uone mwenyewe.

Kwa hiyo hesabu ya wafadhili isikutoe macho. Wafadhili 10,000 ambao 9,000 hawampi mtu aliye nje ya Marekani ni kitabu cha simu cha mji usioukaa.

BiSalma_Utafiti
Maalim kasema. Mimi niongeze namna ya kupima, maana onyesho la muuzaji la dakika 40 halipimi kitu, anatafuta "climate change" na lazima yatoke.

Omba akaunti ya majaribio ya siku 30 kwa kila moja, na kabla hujaifungua kaa na idara mwandike matangazo 20 ambayo wahadhiri wenu wangeweza kuyaomba kihalali. Changanya wakubwa na wadogo: Horizon Europe (mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya), IDRC ya Kanada, DAAD ya Ujerumani, TWAS (akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea), IFS ya Sweden, Wellcome ya Uingereza, NRF yetu (mfuko wa taifa wa utafiti), na ruzuku za MASMA na MARG za WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari pale Zanzibar. Kama hifadhidata inaficha yaliyofungwa, tumia yaliyo wazi leo, usilinganishe vya jana na vya leo. Halafu tafuta moja moja na ujaze safu tatu: limeonekana au halikuonekana, liliingizwa siku ngapi kabla ya kufungwa, masharti ya mwombaji yameandikwa sawa na ya kwenye ukurasa wa mfadhili au yamekosewa. Tangazo lililoingia siku 10 kabla ya kufungwa mimi nalihesabu halikuonekana. Hakuna bajeti ya chuo inayopitishwa kwa siku 10.

Kipimo cha pili ndicho kinachoumbua. Chukua mada ya mhadhiri mmoja, weka kichujio cha Kenya, chukua matokeo 50 ya kwanza, fungua kila moja mpaka kwenye ukurasa wa mfadhili mwenyewe. Hesabu ambayo Mkenya aliye kwenye taasisi ya Kenya anaruhusiwa kuomba kama kiongozi, ambayo anaingia kama mshirika tu, na ambayo haruhusiwi kabisa. Dakika tatu kwa kila moja, ni saa mbili na nusu. Fanya mada mbili zilizo mbali, moja ya maabara na moja ya elimu au biashara.

Sasa hicho kichujio chenyewe. Mahali huwa ni patatu, na watu huvichanganya: taasisi ya mwombaji iko wapi, mwombaji ni raia wa wapi, na kazi itafanyika wapi. Ukiweka Kenya kwenye "kazi itafanyika wapi" utaletewa fedha za profesa wa Marekani anayekuja kuchimba Lamu. Wewe unataka ya kwanza.

Halafu jaribu hili: weka Kenya kwenye mahali pa mwombaji, uone kama tangazo lililoandikwa "Afrika kusini mwa Sahara", "nchi za kipato cha chini na cha kati" au "Jumuiya ya Madola" linatoka. Kama halitoki, basi mfumo haujui kwamba Kenya iko ndani ya Afrika, na utakosa zaidi ya nusu ya chako bila kujua. Kinyume chake pia kipo: tangazo la "nchi zenye maendeleo duni zaidi" likitoka kwa Kenya ni kosa. Tanzania na Uganda zimo kwenye orodha hiyo ya Umoja wa Mataifa, sisi hatumo. Mtu wa Tanga anaomba, wa Vanga haombi.

Jambo moja usililaumu bure: matangazo ya nyumbani yatakosekana karibu kote. Hifadhidata hizi huvuna kurasa zilizopangika vizuri. Tangazo lililopigwa picha likawekwa kama PDF, au lililotoka gazetini, halivuniki. Hayo mtayaweka wenyewe.

Kaka_Likoni
Bi Salma, hapo umenipa hoja yangu. Ikiwa ya nyumbani tunayaweka wenyewe, ya Ulaya yote yako kwenye lango la Funding & Tenders, ya Uingereza kwenye kitafutio cha UKRI (shirika la umma la kufadhili utafiti huko), ya Marekani kwenye Grants.gov, na wote hawa wana arifa za barua pepe za bure, tunalipia nini hasa?

Njia ya bure ni hii. Fungueni anwani moja ya barua pepe ya ofisi ya utafiti, isiwe ya mtu. Iandikisheni kwenye arifa za hao watatu, ongezeni Science for Africa Foundation ya Nairobi, IDRC, DAAD, TWAS, NRF, WIOMSA. Mtu mmoja anakaa saa nne kila Jumatatu na jedwali lenye safu nane: mfadhili, kiungo, nani anaruhusiwa, kiasi cha juu, muda wa mradi, siku ya mwisho ya mfadhili, siku ya mwisho ya ndani ya chuo, idara inayohusika. Siku ya ndani iwe wiki mbili kabla. Ijumaa anawapelekea wakuu wa idara mistari inayowahusu wao tu. Kwa waombaji 40, hiyo inatosha na kubaki.

Maalim_Nyali
> tunalipia nini hasa?

Mnalipia saa za huyo mtu mmoja, kaka, na mnalipia siku atakayohama. Saa nne kwa wiki ni zaidi ya saa 200 kwa mwaka. Njia yako ni nzuri mpaka likizo ya kwanza. Barua zinajaa sandukuni na hakuna anayejua zipi zimesomwa. Pili, wafadhili wadogo wadogo, vyama vya kitaaluma na wakfu za Ulaya zinazotoa mara moja kwa miaka miwili, hawamo kwenye lango lolote kati ya hayo matatu. Hapo ndipo hifadhidata ya kulipia hujitetea, kama inajitetea.

Lakini nakubali upande mmoja: bila huyo mtu, hata ya kulipia haifanyi kazi. Chuo kikinunua kikawaachia wahadhiri watafute wenyewe, mwaka wa pili hakuna anayeingia. Mkutubi, muulize mkurugenzi wa utafiti jina la mtu kabla ya kuuliza jina la bidhaa.

Mikoko_Gazi
Kuna kosa linalofanya kila hifadhidata ionekane tupu: maneno ya kutafutia. Mhadhiri wa mikoko anaandika "mangrove" anapata matangazo mawili, anasema chombo hakifai. Wafadhili hawatangazi mikoko. Wanatangaza "coastal ecosystems", "blue carbon", "nature-based solutions", "climate adaptation". Mikoko ni neno la makala. Tangazo linakaa ngazi moja au mbili juu yake. Panda ngazi mpaka matokeo yawe mengi, kisha shuka kwa vichujio, si kwa maneno.

Mfano wa karibu. Mstari wa kwanza: "mangrove" OR "seagrass" OR "blue carbon" OR "coastal ecosystem*". Kinyota kinashika wingi na umoja, ila angalia kama mfumo wako unakikubali, wengine hawakubali ndani ya alama za kunukuu. Weka mahali pa mwombaji: Kenya. Aina ya fedha: utafiti, ondoa zawadi za kitaaluma, safari za mikutano na ufadhili wa wanafunzi, hizo ndizo takataka nyingi. Usiweke kiwango cha chini cha fedha, maana matangazo mengi hayasemi kiasi na kichujio kitayatupa yote yaliyo kimya. Usitumie NOT mpaka umesoma ukurasa mzima wa matokeo: ukiandika NOT "Marekani" kwa lugha yao, unatupa na kila tangazo linalosema "waombaji wa nje ya Marekani wanakaribishwa".

Hifadhi utafutaji mbili kwa kila mhadhiri, basi. Mmoja mpana unaokuja mara moja kwa mwezi, mmoja mwembamba wa kila wiki. Barua ya kila wiki yenye mistari 60 itafunguliwa mara mbili, ya tatu inaenda moja kwa moja kwenye tupio.

Fundi_Mitambo
Upande wa kuingia. Uliza mfumo unafunguka vipi mtu akiwa nje ya chuo. Ukiwa ni wa anwani za IP za chuo peke yake, mwalimu aliye Bamburi saa tano usiku na bando lake haingii, na maombi huandikwa usiku. Mnataka EZproxy au OpenAthens, mifumo ya kumtambua mtu wa chuo akiwa nje, au kuingia kwa akaunti ileile ya barua pepe ya chuo.

Arifa: zinatumwa kwa wingi kutoka nje, seva ya barua ya chuo inaziona taka. Pata kwa muuzaji kikoa anachotumia kutuma, kiruhusiwe kabla ya siku ya kwanza, si baada ya malalamiko.

Zile zinazojigamba kumpendekezea mhadhiri matangazo kutokana na machapisho yake, angalieni majina. Mtu wa pwani ana jina lake, la baba na la babu. Kwenye makala moja la mwisho ni la babu, kwenye nyingine ni la baba, na mfumo unalichukua la mwisho kuwa jina la ukoo. Matokeo yake mhadhiri mmoja ana wasifu mbili nusunusu, au wasifu mmoja umebeba makala za mtu wa Zanzibar mwenye majina yaleyale. Dawa ni ORCID, ile namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti mmoja mmoja: kila mhadhiri awe nayo na makala zake zimo, na muuzaji aonyeshe kwamba mfumo wake unaisoma. Asipoweza, hayo mapendekezo msiyalipie.

Na kama mtampa muuzaji orodha ya wafanyakazi na wasifu zao zikakae kwenye seva za nje, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mkataba wa kushughulikia data uwe umesainiwa kwanza.

Mhasibu_TreasurySquare
Bei. Ada nyingi zinapangwa kwa ukubwa wa chuo, kwa dola, kwa mwaka. Kikwazo si bei ya kwenye karatasi, ni sentensi ndogo inayosema bei hiyo haijumuishi kodi za nchi ya mnunuzi.

Tuseme ada ni dola 5,000 na malipo yamehesabiwa kuwa yana kodi ya zuio (ile mlipaji anayoikata kwenye malipo na kuipeleka serikalini) ya asilimia 20. Muuzaji anataka 5,000 kamili mkononi. Watu huongeza 1,000 wakasema 6,000. Sivyo. Asilimia 20 inakatwa kwenye jumla, kwa hiyo ni 5,000 kugawanya kwa 0.8, yaani 6,250. Juu yake VAT ya asilimia 16 ya huduma iliyoagizwa kutoka nje, ambayo chuo hujikadiria chenyewe: 1,000 nyingine. Mmefika 7,250 kwa kitu kilichopitishwa na kamati kama 5,000. Kiwango cha zuio kinategemea malipo yanahesabiwa kuwa mrabaha au huduma, mhasibu wenu alithibitishe hilo kwa maandishi kabla LPO, hati ya kuagiza, haijatoka.

Mwaka wa fedha ni Julai 1 hadi Juni 30. Usajili ukianza Januari mtakuwa mnalipa katikati ya bajeti kila mara. Ombeni mkataba wa kwanza wa miezi 6 au 18 ili ukae sawa. Andikeni kwenye mkataba kikomo cha ongezeko la bei mwaka wa pili na wa tatu. Bidhaa ikiwa na muuzaji mmoja tu duniani bado mnahitaji sababu iliyoandikwa ya ununuzi wa moja kwa moja chini ya sheria ya ununuzi ya 2015. Na kabla ya yote waulizeni KLISC, umoja wa maktaba za Kenya, kama kuna vyuo vingine vinataka kitu hichohicho. Wenye kununua pamoja husikilizwa.

Mkutubi_Kizingo
Ahsanteni sana, nimeshaanza ile orodha ya matangazo 20. Swali: kitivo cha afya wanataka chochote chenye NIH ndani, wanasema huko ndiko kuna pesa. Niwape uzito kiasi gani?

Dkt_Changamwe
Mdogo kuliko zamani. USAID ilifungwa Julai 1, 2025. Mei mwaka huohuo NIH ilitangaza kusitisha ruzuku mpya zenye mgao wa taasisi za nje mpaka iweke mfumo mwingine wa kuzitoa. Wakati wa majaribio, tafuta USAID kwenye kila hifadhidata. Ukikuta tangazo la zamani bado linaonyeshwa kama liko wazi, unajua mara ngapi wanafagia nyumba yao.

Kwa NIH, kinachoamua ni ukurasa wa tangazo wenyewe, sehemu ya masharti ya waombaji. Pameandikwa waziwazi kama taasisi zisizo za Marekani zinaruhusiwa au haziruhusiwi, na tangazo moja linaweza kukataa taasisi ya nje lakini likakubali sehemu ya mradi ifanyike nje. Hapo ndipo hifadhidata hukosea. Na kwenye Grants.gov msitegemee kichujio cha waombaji: hakina kisanduku cha taasisi za nje. Zinajificha chini ya "wengine" au "bila kikomo", ndipo usome maelezo ya ziada. Anayechuja kwa "vyuo vikuu" anapata vya kwao.

Kitivo kikiendelea kutaka, basi usajili uanze leo: namba ya NCAGE ya kuitambulisha taasisi ya nje kwanza, halafu SAM.gov, daftari la serikali ya Marekani la wanaopokea fedha zake, ambayo ndiyo inatoa namba ya utambulisho ya UEI ya herufi na tarakimu 12, kisha Grants.gov na eRA Commons, mfumo wa maombi wa NIH. NIH wenyewe wanashauri wiki sita au zaidi. SAM inahuishwa kila mwaka. Ikilala, ombi halipiti.

Kwa Ulaya ni nyepesi: namba ya utambulisho wa taasisi, PIC, yenye tarakimu tisa, chuo huwa nayo moja tu, msijisajili mara mbili. Kenya inapata fedha za Horizon Europe moja kwa moja kama nchi ya kipato cha chini na cha kati. Ila kwenye miradi ya kawaida ya ushirikiano taasisi tatu za lazima ni za nchi wanachama au nchi zilizojiunga na mpango, sisi ni wa nne kuendelea. Hifadhidata ikikuambia "Kenya inaruhusiwa" haikuambii hilo.

Bi_Makadara
Samahani kuingilia. Ile saa ya mwisho inayoonyeshwa kwenye hifadhidata ni ya kwetu au ya kwao? Mara naona saa, mara naona tarehe tupu.

Dkt_Changamwe
Ya mfadhili, dada, na wafadhili hawafanani. Umoja wa Ulaya hufunga 17:00 ya Brussels, UKRI 16:00 ya Uingereza, na hizo mbili ni dakika ileile. Kwetu ni saa kumi na mbili jioni wakati wa majira yao ya joto, saa moja usiku wakati wa baridi. Wao husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatusogezi, kwa hiyo ombi la mwanzo wa Aprili lina saa moja pungufu ya lile la Februari.

NIH ni kinyume, na inawanasa wengi: ni 17:00 ya pale ilipo taasisi inayoomba. Mwombaji aliye Mombasa mwisho wake ni saa kumi na moja jioni ya hapa hapa, Washington wakiwa bado asubuhi. Mtu anayedhani ana mpaka usiku wa manane kwa sababu "Marekani wako nyuma" amechelewa tayari.

Tarehe tupu ichukulie kuwa ni jioni ya siku iliyotangulia. Na ikiwa mfumo unaandika 04/05, fungua ukurasa wa mfadhili uone ni Aprili au Mei. Za Marekani hutanguliza mwezi. Kwenye lile jedwali la Kaka Likoni andikeni mwezi kwa jina na saa kwa Afrika Mashariki, msinakili tarakimu.